Keekee, Msukano, Jivu na Uta

Ubao wa jahazi ukipigwa msumari bila kutobolewa hupasuka, na ubao uliopasuka chini ya maji hauna msamaha. Ndiyo maana fundi wa vyombo hutoboa kwanza, msumari ukafuata. Asubuhi moja Nungwi, kaskazini ya Unguja, nilikaa kwenye kivuli cha ngalawa iliyopinduliwa nikimwangalia mzee mmoja akitoboa. Alichukua kijiti kinene kilichochongwa mviringo, chenye chuma kilichochongoka mbele. Akakizungushia kamba ya upinde mara moja. Kichwani mwa kijiti akaweka kipande kingine cha mti kinachoenea kiganjani, akakilalia kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukaanza kwenda na kurudi. Kee, kee, kee. Unga wa mbao ukamwagika na kurundikana juu ya kidole gumba cha mguu wake.

Nikamuuliza kitu kile kinaitwaje. “Keekee, mwanangu.” Hilo nilikuwa nalijua. Nikamuuliza vipande vyake. Akasimamisha mkono, akanitajia kimoja kimoja huku akigusa. Chuma ni keekee yenyewe. Mti unaoshika chuma ni msukano. Kile cha kiganjani, kinachoacha msukano uzunguke bila kuunguza mkono, ni jivu. Na upinde ni uta. Maneno manne kwa zana inayoenea ndani ya kikapu. Baadaye niliyakuta yote manne kwenye kamusi za zamani, yamekaa pamoja vilevile kama yalivyotoka kinywani mwake, na furaha niliyoipata siku ile sijaisahau.

Mtoto wa shule ya msingi Kenya naye anaijua keekee. Anaikariri katika msamiati wa vifaa vya ufundi: jiriwa, tupa, patasi, tindo, timazi, pimamaji, bisibisi, keekee. Ataandika kwenye mtihani kwamba ni kifaa cha kutobolea mbao, apate alama yake. Nje ya dirisha la darasa lake fundi anatoboa mbao kwa drili, na ukimwambia akupe keekee atakuuliza unataka nini hasa. Hali hii inaniuma zaidi ya neno kufa. Neno likifa linazikwa. Hili limekatwa na kazi yake, likabaki kuishi kwenye karatasi ya mtihani, nayo kazi ikaendelea mtaani kwa jina jingine.

Nimeishi na majina ya zana na mitambo kwa miaka mingi, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha: natafsiri miongozo ya mashine. Na kila ninapokwama narudi kwenye neno moja ambalo sidhani tunalithamini inavyostahili. Tuna kubuni, tuna kugundua, lakini mtu aliyetengeneza chombo kipya tunamwita mvumbuzi, na alichofanya ni kuvumbua. Lisikilize neno hili pamoja na ndugu zake. Fukia, fukua. Ziba, zibua. Funika, funua. Vumbika, vumbua. Kuvumbika ni kufukia kitu, kiazi au ndizi, kwenye majivu ya moto ili kiive. Kuvumbua ni kukitoa. Kwa hiyo katika Kiswahili mvumbuzi hatoi kitu hewani. Anapekua majivu, anatoa kilichokuwa kinaivia humo, anakipuliza vumbi.

Naamini majina mazuri ya zana yalipatikana hivyohivyo. Tazama msasa. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa ng’ombe. Seremala wa zamani alichuma majani yake na kusugulia mbao mpaka ikateleza. Ilipokuja karatasi yenye mchanga uliogandishwa kwa gundi, hakuna aliyekaa kikao kuitafutia jina. Ilifanya kazi ya jani, ikaitwa kwa jina la jani. Leo kijana wa mjini anaomba dukani msasa namba 80 au namba 120 na hajawahi kuuona mti wenyewe. Na neno halikuishia hapo: walimu waliopelekwa kwenye mafunzo huandikwa magazetini kwamba wamepigwa msasa. Jani la porini likawa karatasi, karatasi ikawa semina. Sijui neno gani la kutungwa mezani lingeweza safari hiyo.

Hata maneno yetu ya jumla yana umbo la mkono ulioyashika. Kifaa ni kitu kinachofaa, basi. Lugha haikutaka zaidi ya hapo. Chombo kilikuwa chungu na sahani, lakini kwa mtu wa pwani chombo bila ya maelezo zaidi ni jahazi, kwa kuwa ndicho chombo kikubwa kuliko vyote alivyoshika mkononi. Humo tukapakia vyombo vya moto, vyombo vya habari, vyombo vya dola, na vyote vikaelea. Mtambo una tabia nyingine. Wazee walisema mtambo wa bunduki na mtambo wa saa: kile kilichojikunja ndani, kinachongoja kuachiwa. Bado nausikia mkunjo ule ninaposoma habari za Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Maji mengi yamezuiwa nyuma ya ukuta yakingoja kufunguliwa njia. Neno lilikuwa limeshaijua kazi hiyo tangu enzi za gobori.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni kinu.

Kinu kilianza uani. Gogo lililochimbwa katikati, mchi mkononi, mpunga ndani, watu wawili wakitwanga kwa zamu bila michi kugongana. Kutoka hapo kikaenda kwenye ufuta. Lamu na Unguja palikuwa na vinu vya mafuta vilivyozungushwa na ngamia: mchi mzito umeegeshwa ndani ya gogo kubwa, boriti imefungwa mchini, ngamia amefungwa kwenye boriti na macho amezibwa, naye anazunguka kutwa mbegu zikisagika na mafuta yakichuruzika. Mchi haukupanda tena na kushuka, ulizunguka. Neno halikulalamika. Halafu ukaja mvuke, ikaja dizeli, watu wakasema kinu cha kusaga, kinu cha mafuta, kinu cha mbao. Gogo lilikuwa limekwisha kutoweka kabisa, lakini kilichobaki ndicho hasa kinachokifanya kinu kiwe kinu: mahali pamoja palipofungwa, ambapo kitu huingizwa kizima, hupigwa kwa nguvu, kikatoka kimegeuka.

Ndipo siku moja mwaka 2011 nilikuwa nasikiliza redio, habari za tsunami ya Japani, mtangazaji akasema vinu vya nyuklia vya Fukushima vinapoteza uwezo wa kujipoza. Nilizima jiko nikakaa chini. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi kabla ya hapo, lakini siku ile nililisikia kwa mara ya kwanza. Kinu. Ndani ya ule mtungi mnene wa chuma chembe zinapigwa na kupasuliwa, zinatoa joto, na kazi ya kwanza ya kila mtu aliye karibu ni kuhakikisha kilichomo hakirukii nje. Bibi yangu angeelewa nusu ya habari ile kwa neno hilo tu. Alitutandika sana kwa kumwaga mchele nje ya kinu.

Simu nayo ina historia ya namna hiyo, ila yenyewe ilikuja na meli. Asili yake Kiajemi, maana yake waya. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na habari iliyokuwa ikingoja majuma kadhaa melini ikawa inafika siku hiyohiyo. Watu wakauita waya kwa jina lake: simu. Karani aliipiga kweli, kwa kidole, kwenye kitufe cha shaba. Ilipokuja simu ya kusemea, neno likahamia humo. Ikaja simu ya upepo ya polisi na ya wavuvi, waya wa upepo! Sasa tuna simu ya mkononi, waya usio na waya, na tunaendelea kuipiga ingawa hakuna kinachopigwa. Wakenya wakaleta rununu vitabuni na kwenye taarifa za habari, neno zuri la kusikika, na sina ugomvi nalo. Ila mtu akiibiwa sokoni Gikomba hapigi kelele kwamba ameibiwa rununu.

Wakati simu inaacha waya, waya wenyewe ulikuwa unapata uraia. Ni neno la Kiingereza, lakini sikio la Mswahili lilisikia mwanzoni mwake ile u- ya ufunguo, ya wembe, ya wimbo. Funguo, nyembe, nyimbo. Basi waya, nyaya. Hakuna mwalimu aliyefundisha hivyo. Fundi umeme aliyeacha shule darasa la nne anasema nyaya zimegusana, na ndani ya neno hilo moja kuna sarufi nzima inayofanya kazi bila kusimamiwa. Umeme wenyewe ni ule wa mawinguni, tuliushusha. Kenya wao wanaita stima, neno lililotoka kwenye mvuke wa Kiingereza. Kwa hiyo stima zikipotea Nairobi, kwa jina ni mvuke uliopotea, ijapokuwa hakuna birika lililochemka. Siku za mwanzo nililiona hilo kuwa kosa. Siku hizi naliona kama alama ya maji ukutani: linaonyesha nguvu ya kwanza waliyoiona ikisukuma vitu vizito ilikuwa ipi.

Kwenye kisanduku cha fundi kuna dunia nzima na sina nafasi ya kuimwaga yote. Parafujo na bomba tuliachiwa na Wareno. Cherehani ina gurudumu la Kiajemi ndani yake, kama ilivyo cherehe ya kunolea visu. Kiberiti ni Kiarabu, maana yake salfa, lakini ile ki- ya mwanzo ilitudanganya kwa wema tukapata viberiti. Karabai ni kabidi iliyokuwa ikitumika ndani ya taa za zamani. Na usukani, ulioko mkononi mwa dereva wa daladala, ni wa jahazi; neno la Kiarabu la kile kibao cha nyuma kinachogeuza chombo. Hapo panahitaji tahadhari, maana usukani na msukano wa keekee vinafanana kama pacha na vyote viwili vinazungushwa, lakini msukano umetoka kwenye kusuka kwetu wenyewe, kule kutikisa na kupeleka huku na huku. Sikio linalopenda maneno ni jepesi wa kuoza ndoa zisizokuwapo. Nimewahi kuziozesha kadhaa nikalazimika kuzivunja.

Kuna majina mengine hayakuazimwa wala kufukuliwa, yalisikika tu. Keekee ni sauti yake. Pikipiki ni sauti yake. Tingatinga, liwe trekta Kenya au lile buldoza la kusukuma vifusi Tanzania, ni sauti yake likiwa mbali na likikaribia. Mengine yalionekana: lile gari la kuchimba mitaro tunaliita kijiko, kwa kuwa linachota. Na mengine ni wanyama. Bibi alikuna nazi kwa mbuzi, yule mwenye ulimi wa chuma. Ndege ikapaa, kifaru kikaingia vitani. Hapa sarufi hufanya jambo ambalo kila nikilifikiria linanifurahisha: ndege ametua mtini, ndege imetua uwanjani. Herufi moja mbili kwenye kitenzi, na msikilizaji anajua kama kuna moyo ndani au injini. Lugha ilikopesha jina, haikukopesha uhai.

Tanga, nilikozaliwa, tuna neno ambalo mwaka 2020 lilipata mtihani mkubwa. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Jani la mkonge halitoi singa kirahisi. Linabanwa, linapitishwa kwenye magurudumu yenye visu butu yanayokwangua nyama yake huku maji yakimwagika, singa zikabaki nyeupe, majimaji, tayari kuanikwa. Katika kilo 100 za majani unapata kama kilo nne za singa. Zilizobaki ni maji na makapi yenye harufu ambayo mtoto wa kambi ya mkonge haisahau. Mashine ya kazi hiyo iliitwa Corona, na wafanyakazi wakalifanya jina la chuma kuwa jina la mahali: korona. “Baba yuko korona.” “Ameajiriwa korona.” “King’ora cha korona kimelia.” Ugonjwa wa korona ulipofika na neno lile kujaa kwenye kila redio, watu wa Korogwe na Muheza walikuwa wamelala na kuamka nalo kwa miaka mingi, na kwao lilikuwa na maana ya mshahara. Katapila na bajaji yamepita njia hiyohiyo, ila hayakupimwa namna ile.

Sasa niseme kuhusu vikao, maana nisingependa ieleweke kwamba navidharau. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa mwaka 1967 na tangu hapo limekuwa likisanifisha istilahi, na wengi wetu tunakula kwa kazi hiyo. Nyumbani kwangu kuna kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili ya Rajmund Ohly, ya mwaka 1987, jalada limekwisha kuning’inia. Ninachokipenda zaidi kwenye kitabu kile ni kwamba kilitolewa na taasisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyokuwa ikibuni mashine na zana, siyo idara ya lugha. Istilahi zilikaa nyumba moja na vyuma. Naona hapo ndipo palipo siri, na ninasema hivyo kwa kuona majina yaliyotungwa yanavyoishi na yanavyokufa.

Kishikwambi, yaani tableti, kwa mfano. Wengi walilicheka neno lile lilipotoka. Lakini katika Sensa ya Tanzania ya tarehe 23 Agosti 2022 makarani waliingia majumbani na vishikwambi mikononi, kisha vikagawiwa kwa walimu, na neno lilikuwa limefika pamoja na kitu. Mama aliyehesabiwa kijijini aliona kifaa na kusikia jina siku moja, mlangoni pake. Hakuwa na jina jingine la kung’oa kwanza. Mwalimu wa leo anasema kishikwambi changu kimeisha chaji, hashangai wala hacheki. Tarakilishi ilifika ukumbini baada ya wageni kuketi. Kompyuta ilikuwa imekwisha kukaa kila kiti. Jokofu limeponea katikati: kwenye taarifa za hospitali ni jokofu, jikoni ni friji, na kila moja limeridhika na chumba chake. Ubora wa neno una nafasi yake, lakini saa ya kuwasili ina nafasi kubwa zaidi.

Hilo sikulijua kwa kusoma. Miaka michache iliyopita nilipewa mwongozo wa injini ya dizeli na mashine ya kusagia mahindi nitafsiri. Nilikuwa nimelewa kinu wakati ule. Nikatazama pistoni inavyopanda na kushuka ndani ya silinda nikaona: huu ni mchi! Mchi ndani ya kinu, mtupu na dhahiri, umengoja miaka yote hii kwenye majivu. Nikaandika mchi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Lile bati la matundu lililo chini ya mashine nikaliita kichungio-tundu. Nilijivunia kazi ile. Ikachapwa.

Baada ya msimu mmoja nikapita kwenye kijiji kimoja cha Korogwe mwongozo wangu ulikokuwa unatumika. Injini ilikuwa inatoa moshi wa buluu. Yeyote aliyekaa gereji anajua maana yake: oili inapanda inaungua, ringi za pistoni zimekwisha. Nikamuuliza kijana anayeendesha mashine kama alisoma sehemu ya ukaguzi. Akanitolea kitabu kutoka nyuma ya gunia, kimejaa unga, akakifungua hasa pale palipoandikwa “kagua mchi kila baada ya saa kadhaa”.

“Hapa niliruka, kaka,” akasema. “Sisi hapa tunasaga tu. Yenye michi itakuwa ile ya kukoboa, ya jirani.”

Hakuwa na kosa. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, na Kiswahili kilimwambia mchi ni wa kutwangia nafaka. Mimi niliandika shairi mahali palipohitaji onyo, na injini ya watu ikaunguza oili msimu mzima kwa ajili hiyo. Nimelisahihisha lile toleo kwa gharama yangu. Aibu yake bado ninayo, na sitaki iondoke haraka.

Lakini kijana yule hakuishia kunionyesha kosa. Alizima injini, akafungua kifuniko cha mashine, akaniambia niiname. Ndani kulikuwa na vyuma bapa vimening’inia kwenye mhimili, pembe zake zimeliwa upande mmoja. “Hizi nyundo,” akasema. “Zikiisha upande huu tunazigeuza.” Bati la matundu? “Chekeche. La unga laini lipo, la chakula cha kuku lipo.” Pale juu panapomiminwa mahindi ni mdomo. Nilikuwa nimeandika jina refu lenye kistari kwa kitu ambacho kijiji kizima kinakiita chekeche.

Na nikiwa bado nimeinama nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona katika siku zote za kutafsiri. Nyundo zile hazisagi. Kusaga ni kuburuza jiwe juu ya jiwe, nafaka katikati. Hapa punje inaanguka, inapigwa, inarushwa ukutani, inapigwa tena, mpaka iwe ndogo kiasi cha kupenya kwenye chekeche. Hiyo ni kutwanga. Mashine tunayoiita ya kusaga nchi nzima ni kinu kamili, kinu kuliko vinu, na michi yake ipo: ni zile nyundo. Nilikuwa nimeupeleka mchi kwenye chuma kisichokuwa chake, hatua mbili kutoka pale ulipokuwa unatwanga kweli. Sikusema kitu. Nikatoa kalamu nikaandika: nyundo, chekeche, mdomo, pistoni, ringi.

Tangu siku hiyo sipeleki mwongozo kwa mchapaji kabla sijaupeleka kwa mtu mwenye mikono michafu, akausome kwa sauti mbele ya mashine yenyewe. Anapokwama ndipo penye kosa langu. Anapolitamka neno jingine bila kujua, akisoma nililoandika lakini mdomo ukatoa lake, nalichukua lake. Ningependa wanaokaa kwenye kamati za istilahi wafanye vikao vyao Gerezani pale Dar es Salaam, au Kamukunji Nairobi, kelele za nyundo zikiwa kichwani, hata kama maneno ya kikao hayatasikika vizuri. Ningependa pia majina yale ya wanamaji na maseremala yarekodiwe na picha zake, kipande kwa kipande, wangali hai wanaoweza kugusa huku wakitaja.

Nungwi nimerudi mwaka uliopita. Yule mzee bado yupo, macho yamepungua, mikono haijapungua. Anafanya kazi na mjukuu wake, na mjukuu ana drili ya betri aliyonunua mjini, ya kijani, inayotoboa mashimo kumi wakati babu anatoboa moja. Mzee anaisifu bila kinyongo. Chuma cha mbele wanakiita biti, kile kinachokibana ni mdomo, nikaandika. Mchana betri zote mbili zikaisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, hapakuwa na pa kuzichaji. Maji yalikuwa yanarudi na ubao wa mwisho ulitakiwa ukae kabla ya magharibi.

Mzee akamwambia mjukuu alete kikapu. Akatoa keekee, akaipangusa kwa shuka lake, akampa. Kijana akaishika kinyumenyume. Mzee akamgeuzia: jivu kiganjani hapa, lilalie, usilikandamize, msukano uache uende wenyewe. Kijana akanyoosha mkono mwingine.

“Nipe upinde, babu.”

“Uta,” mzee akasema, akampa.

Mara ya kwanza kamba ikateleza. Mara ya pili ikashika, na unga wa mbao ukaanza kumwagika miguuni.